Benchi la Kando

Yule mwanamke wa benchi la kando alijibu haraka mno, kabla swali halijaisha. Hilo lingemshtua Spesiose kama asingekuwa amembeba mtoto anayeungua kwa maumivu.

Hospitali ya serikali ina adabu zake. Ukifika kwenye benchi huulizi foleni inaanzia wapi, unauliza, "Wa mwisho ni nani?" Mtu anainua mkono, unakaa nyuma yake, na tangu hapo mmefungwa pamoja: akisonga unasonga, akienda haja unamshikia nafasi. Hakuna askari anayelinda utaratibu huo. Mtu anaweza kukuibia simu ukiwa umekaa hapo, lakini nafasi yako hataigusa.

Spesiose alikuwa Mrundi. Yeye na mumewe, Salvator, muuza njugu karanga kule Njoro, walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Free Area, Nakuru, kwa miaka kadhaa, na adabu hiyo alikuwa ameshaizoea. Binti yao Dorine alikuwa na sikoseli, ugonjwa wa damu unaobana mifupa kama koleo, na asubuhi hiyo ulikuwa umembana miguu yote miwili. Hospitali yenyewe siitaji jina, maana nami huugua siku nyingine.

Dirishani alikuwepo karani aitwaye Kibii, kijana mpole sana. Mtu mkali unaweza kugombana naye. Mpole atakuua huku ukimshukuru. Aliitazama kadi ya mgeni ya Spesiose, akabonyeza kompyuta yake, akairudisha.

"Mathe, sistimu haikupati. Wageni lazima bima yao ipitishwe huko juu. Simama hapo kando kwanza, nitakuita."

Hapo kando palikuwa na benchi lake. Wenyeji walikuwa na benchi refu lililoelekea mlango wa daktari. Wageni walikuwa na fupi, limesukumwa ukutani. Siku hiyo lilikuwa na mtu mmoja tu, mwanamke aliyejiinamia. Mtu mmoja hana haja ya kuulizwa kama ndiye wa mwisho, lakini mazoea yana tabu, na Spesiose akauliza.

"Mimi," mwanamke akasema. "Kaa hapa nyuma yangu."

Akakaa, na ubaridi ukampanda kutoka kwenye mbao. Leso ya yule mwanamke ilikuwa ikichuruzika maji, ilhali mvua haikuwa imenyesha tangu Krismasi na Nakuru nzima ilikuwa ikila vumbi. Alinuka dawa ya kusafishia sakafu na nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi. Nyuma ya kiganja chake kulikuwa na sindano ya dripu iliyobandikwa plasta, na kingo za plasta hiyo zilikuwa nyeusi.

Spesiose alimuuliza kama amengoja sana. Mwanamke hakugeuka. Alisema tu kwamba aliambiwa asimame kando kwanza.

Kutwa nzima Kibii aliita watu. Saa za chakula zilipita, na Spesiose akaenda dirishani. Kibii akatazama juu ya bega lake na kumwita mzee aliyekuwa nyuma. Akagonga kioo, na kijana akajikuna sikio. Jioni alifunga dirisha, akachukua mkoba wake, akapita karibu nao akiimba wimbo wa kanisani. Dorine alikuwa ameanza kuuma kola ya sweta yake asilie.

Na mambo hayakuishia pale. Dukani, mwenye duka alimhudumia kila aliyekuja baada ya Spesiose. Kwenye bomba la maji, mitungi ya wenzake ilijaa na wake ukabaki mkavu. Bodaboda zilimpita hali amenyoosha mkono. Mwanzoni alidhani ni dharau tu, na dharau ya kuwa mgeni alishaizoea. Lakini mwenye dharau hukuona kwanza, ndipo akageuza uso. Hawa hawakumwona kabisa. Nje ya foleni walimsalimia vizuri na kumuuliza hali ya mtoto. Akisimama kungoja zamu tu, anapotea.

Jioni ya pili alikuwa akikoroga uji, jua bado liko kwenye kizingiti, aliposikia nyuma ya pazia sauti ya nguo mbichi ikijiburuta juu ya mbao, ikakoma, ikajiburuta tena, kisha sauti ya chini ya mwanamke ikisema songa, songa kidogo, na alipolivuta pazia akamkuta Dorine amejibanza ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja umeshaning'inia nje, huku upande wa pili wa godoro, ambako hakukuwa na mtu, pakiwa na maji yanayoenea polepole na ile harufu ya sakafu ya hospitali imejaa chumba kizima mpaka uji wenyewe ukanuka.

"Mama, hebu ongea polepole," Dorine akanong'ona. "Anasema bado hatujafika. Yeye ndiye yuko mbele."

Spesiose aliuacha uji motoni. Akambeba mtoto hadi kwa jirani yake Nakhumicha, mama wa kutoka Bungoma anayeuza mboga mlangoni pake, na Nakhumicha, aliyekuwa na imani kubwa na pua kubwa zaidi, aliinusa leso aliyofungiwa mtoto na kutuma aitwe Pasta Hiram.

Pasta Hiram alikuwa ametoa mapepo Njoro, Molo na Gilgil, na hakuwa mwongo. Alimpaka Dorine mafuta, akaomba mpaka shati likamganda mgongoni. Yeye alisema ni jini, Nakhumicha alisema ni mzimu wa mtu aliyefia hospitalini. Jina halikumsaidia mtu. Hatimaye Dorine alifumbua kinywa, na ikatoka sauti ya mtu mzima, imechoka, wala haina hasira.

"Mimi sikumshika mtu. Aliniuliza, nikamjibu."

Pasta aliiamuru itoke.

"Nitoke niende wapi? Nikitoka napoteza nafasi yangu. Niliambiwa nisimame kando kwanza, na mpaka leo sijaitwa. Aliye nyuma yangu ataitwaje kabla yangu? Akitaka kwenda, ampishe mtu hapo alipokaa. Mimi sina neno na atakayekaa."

Dorine akafumba kinywa, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Pasta Hiram alikunja kitambaa chake vizuri, akakitia mfukoni, akasema asiyeshika kisicho chake hafukuziki. Hakungoja chai, na Nakhumicha naye hakumkaribisha tena.

Asubuhi Spesiose alirudi hospitalini kwa miguu. Dorine alikuwa halii tena. Midomo ilikuwa myeupe na macho ya manjano, na kila mama mwenye mtoto wa namna hiyo anajua kulia ni afadhali. Kibii, bila kumtazama, alisema simama kando kwanza. Mwanamke wa leso mbichi alikuwa palepale. Spesiose akakaa nyuma yake, maana alipojaribu kusimama kwingine miguu ilimrudisha.

Ndipo akaja Achol, binti mrefu wa Sudan Kusini, mmoja wa wale waliohamia mjini kwa ajili ya shule za wadogo zao. Kifuani alikuwa na mtoto mchanga anayepumua mbio, mbavu zikiingia na kutoka. Naye alikuwa ameambiwa asimame kando. Kwa Kiswahili cha kuokoteza akauliza, "Mama, mwisho ni nani?"

Spesiose alimwonea huruma. Nalisema hili wazi, maana kuna watakaosema hakuwa na moyo. Alikuwa nao, na aliutumia. Alizitazama mbavu za yule mchanga, akamtazama Dorine, kisha akasimama akapangusa mbao kwa kiganja.

"Mwanao anaumwa zaidi ya wangu," akasema. "Njoo ukae mbele yangu. Nakupisha."

Machozi yalimtoka Achol. Tangu afike mji huu hakuna mtu aliyewahi kumpisha. Alisema Mungu akubariki mama, Mungu akubariki, akaketi, akashtuka kidogo kwa ule ubaridi. Hata kabla hajamfunika mtoto vizuri, Kibii aliinua kichwa na kumwona Spesiose kama ndiyo kwanza anafika.

"Mama Dorine, pole kwa kungoja. Imekubali. Ingia."

Dorine alitundikiwa dripu na kuongezwa damu, na siku ya kutoka alidai chapati. Spesiose alikula naye. Hakuuliza habari za benchi, na usiku alilala vizuri. Hilo ndilo baya zaidi ninalolijua juu yake.

Lakini sikoseli si malaria ikaisha. Mwezi uliofuata vidonge vilikwisha, na Kibii, mpole vilevile, aliitazama kadi na kusema sistimu imempoteza tena, wasimame kando kwanza. Spesiose alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameapa hatakaa wala hatauliza kitu, atasimama mlangoni hata miguu ivimbe.

Kwenye benchi kulikuwa na leso mbichi upande wa ukuta. Upande wa huku alikaa Achol, amekonda, shuka la mtoto limekunjwa vizuri mapajani, tupu. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Spesiose aligeuka kuondoka, akaupapasa mkono wa binti yake, asiukute. Dorine alikuwa ameshatangulia mbele, na kama alivyofunzwa, anauliza wa mwisho ni nani.

Achol akainua macho, hayana chozi, akamtazama Spesiose.

"Mama yako alinipisha siku ile," akamwambia mtoto. "Kaa. Nimewashikia nafasi yenu."

Dorine alisema asante, akakaa, na yule mwanamke wa ukutani akasogea kidogo kumpa nafasi.