Rili ya Mwanagenzi

Kipimamkono, mashine ya dukani, kilimshika mteja kiganja, kikakibinyabinya taratibu, na kabla mteja hajamaliza kucheka kikawa kimeshatoa jibu. Kilipima nguvu za misuli, kasi ya neva na mtetemo wa vidole, kisha kikachagua, kati ya rili mia mbili za kuvulia samaki zilizopangwa ukutani, ile iliyomfaa yeye na si mwingine. Katika jiji la Naivasha la siku hizo, ambako maghorofa yalilizunguka ziwa lote na kubakiza ukanda mwembamba wa mafunjo, hakuna aliyehangaika kujifunza kuvua. Ulinunua rili-kumbu, ukaishika, nayo ikakuvulia huku wewe ukijisifu.

Mhandisi Apondi ndiye aliyeibuni. Kile kigurudumu cha kuviringia mshipi alikitia kumbukumbu ya mkono wa mvuvi mmoja hodari: namna ya kurusha, muda wa kungoja, wakati wa kuvuta. Kwenye maboksi mkono huo uliitwa Namba Moja. Wachache walijua kwamba ulikuwa wa baba yake, Mzee Ochola, aliyewaongoza wageni kuvua samaki aina ya besi kwa miaka arobaini.

Jumanne moja asubuhi Apondi alikuwa dukani akikagua mashine alipomwona baba yake mlangoni, amevaa koti lake la kanisani.

"Baba! Si ungenipigia nije nikuchukue?"

"Sikuja kwako, mama. Nimekuja dukani. Nataka rili."

Mzee hakuwa amegusa mshipi kwa miaka mitatu, tangu ule mkono urekodiwe. Ili usomwe, nyuzi nyembamba kuliko unywele zilipitishwa kwenye neva zake, kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, zikakaa humo miezi kumi na minne. Madaktari walisema ganzi ingeisha. Haikuisha. Sasa alishika kikombe kwa kukitazama; akigeuza macho tu, kikombe chini. Apondi alilibeba jambo hilo moyoni kila siku, na hawakuwahi kulizungumza.

Mzee aliuingiza mkono wake kwenye kipimamkono kama mteja mwingine yeyote.

"Karibu, mzee," mashine ilisema kwa sauti ya upole. "Mkono huu haujawahi kuvua. Wewe ni mwanagenzi. Nakushauri uchukue rili-kumbu yenye Namba Moja. Itakufaa sana."

Apondi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee alicheka kicheko kikavu.

"Huyo namjua, simtaki," alisema. "Nipe rili isiyojua kitu."

Alitembea hadi pembeni, zilikowekwa rili za zamani zilizokuwa zikinunuliwa na watu kwa ajili ya pambo. Hapo akawa mwalimu tena. Ile ambayo ngoma yake ya kuzungushia mshipi imelala, alisema, si ya anayeanza: ngoma itakimbia kuliko mshipi, ubaki na rundo la mafundo. Ile iliyo wazi ndiyo angempa mwanagenzi yeyote, lakini inataka kidole cha kuushikilia mshipi. "Na kidole sina." Akachukua ndogo iliyofunikwa, yenye kitufe. Unabonyeza, unarusha, unaachia.

Nyungunyungu wa plastiki, wale wa chambo, aliwachagua kwa macho. Maji safi yangetaka wa kijani, lakini jana kulinyesha na ziwa lilikuwa tope, hivyo akamnyooshea kidole mweusi, mrefu kama kiganja. "Hebu mfinye. Ni laini?"

"Laini. Daraja la nne."

"Sikuuliza daraja."

Apondi alifinya tena, akaona aibu, kwa sababu daraja tu ndilo alilolijua.

Nyuma ya duka palikuwa na gati la kujaribia vifaa. Mzee alimwomba afunge ndoana, na ncha yake aifiche ndani ya mwili wa nyungunyungu isije ikanasa kwenye magugu. Kisha akarusha. Bega lilikuwa bado zima. Nyungunyungu alitua pale pale kando ya mafunjo, na uso wa mzee ukachangamka kwa namna ambayo binti yake alikuwa ameisahau.

"Shika mshipi hapa mbele ya rili. Uwe kidole changu. Besi havuti, ananyonya. Utasikia kama mtu aliyegonga mlango mara moja akabadili nia. Ukisikia, niambie."

Apondi aliujua mguso ule kwa tarakimu. Alikuwa ameutia kwenye rili laki moja. Lakini miezi yote ile kumi na minne alikaa nyuma ya mashua akitazama skrini, na hata siku moja hakuushika mshipi.

Kitu kikagusa kidole chake, kidogo tu.

"Nini hicho?" Mzee alikuwa ameona macho yake.

"Magugu."

"Una hakika?"

"Magugu tu, Baba."

Mshipi ulilegea. Mzee akauviringa polepole. Nyungunyungu alirudi amekunjamana chini ya ndoana, mwili umekwaruzika kana kwamba umepigwa msasa.

"Huyo alikuwa besi," alisema bila hasira. "Mkubwa. Ona alivyomkwaruza kwa meno."

Apondi aliangua kilio pale pale. "Nisamehe. Sijawahi kuushika, Baba. Nifundishe. Tuna siku nzima."

"Kwa mkono gani, mama?" Mzee aliviangalia vidole vyake. "Baba yangu alinifundisha kwa kunishika mkono. Mshipi mmoja, mikono miwili. Akisikia yeye, nami nasikia, ananiambia: hiyo ndiyo. Leo nikikushika, nani atasema hiyo ndiyo?"

"Namba Moja anajua. Nikishika rili-kumbu, mkono wako utanionyesha."

"Utavuta," mzee alisema. "Mkono huo utavuta kabla wewe hujasikia kitu. Ndivyo ulivyoutengeneza."

Apondi hakubisha, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mzee alikaa kwenye mbao za gati, akaanza kumnyoosha nyungunyungu kwenye ndoana huku akikitazama kila kidole chake kinafanya nini. Ndoana ilimchoma upande wa kiganja asiouona, damu ikatoka, naye akaendelea bila kujua, mpaka binti yake alipoushika ule mkono na kuufunga kwa leso.