Miwani Haivaliwi Pajini

Kila alipotoka shule, Kichwangumu alipitia karakana ya baba yake kufagia. Jina hilo binti huyo alipewa na shangazi yake, wala halikumsumbua.

Baba alikuwa fundi wa mageti. Miwani yake ilikuwa moja tu, nyeusi tii. Akichomelea aliivaa, maana mwanga ule huunguza macho. Akikata chuma kwa mashine aliipandisha pajini, kwa kuwa giza lake lilimficha mstari wa chaki. Cheche zikawa zinamrukia usoni anavyotazama. Siku hiyo jicho lake la kushoto lilikuwa jekundu tangu asubuhi.

"Nishikie bomba hili, mwanangu, nikate."

Kichwangumu alichomoa waya wa mashine ukutani, akaukalia.

"Sishiki, baba. Miwani yako inalinda paji la uso. Macho je?"

Shangazi, aliyekuwa akipaka geti rangi, aliguna. Baba hakufurahi hata kidogo.

"Nimekata hivi miaka yote. Mwenye geti anakuja jioni. Inuka."

"Nichape ukitaka, siinuki." Alimwogopa baba, lakini aliogopa zaidi jicho lile lisije likapofuka.

Shangazi aliweka brashi chini. "Kaka, huyo umemzaa mwenyewe. Nenda naye dukani mkanunue miwani ya kukatia."

Muuzaji aliwaletea miwani ya jua ya kupendeza. Baba akaanza kujitazama kwenye kioo.

"Hiyo ya kutembelea," alisema Kichwangumu. "Pembeni iko wazi." Alichagua nyingine ngumu ya mafundi, isiyo na rangi, inayofunika macho mpaka pembeni. Akamwambia baba atikise kichwa. Haikuteleza.

Waliporudi, shangazi alilibana bomba kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, na Kichwangumu akaenda kusimama mbali, mlangoni. Baba aliuona mstari vizuri. Mara kipande cha chuma kikaruka, kikagonga miwani mbele ya jicho lile lile jekundu.

Baba alizima mashine. Aliivua miwani, akaupapasa mkwaruzo kwa kidole.

Mwenye geti alipofika, alinung'unika kwamba kazi haijaisha.

"Utalipata kesho, nikitoka zahanati kupimwa jicho," alisema baba. Kisha akamgeukia binti yake. "Kila kazi ina miwani yake, mwanangu, na mahali pake ni machoni. Geti linaweza kusubiri. Jicho halina spea."