Chokaa ya Kuku

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumatano, shangazi alipiga simu kituoni akasema binti wa kaka yake amembwaga mtoto sakafuni makusudi. Sajini wa upelelezi, mwanamama ambaye wenzake walimbatiza Kupe kwa kuwa akishika haachi, alifika saa mbili na robo. Majirani walikuwa wamekwisha kumkimbiza mtoto hospitali, kichwa kimepasuka lakini yu hai. Mama yake, binti wa miaka kumi na sita, bado alikuwa amelala kifudifudi kwenye saruji, kando ya damu ya mwanawe. Hakuna aliyemgusa.

"Inuka," shangazi alimfokea. "Unajifanya mgonjwa mbele ya watu."

"Siwezi, shangazi. Nimeinama kumbeba, mgongo ukalia ka! Nikaanguka naye."

"Mwongo! Afande, huyu kachoka kulea. Mimba aliitafuta mwenyewe, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mpeleke mahabusu, mtoto wamchukue watu wa ustawi wa jamii."

Sajini aliita gari la wagonjwa. Walipokuwa wakilisubiri alichuchumaa, akamuuliza binti amefanya nini tangu alfajiri, hatua kwa hatua.

"Nimeamka saa kumi na moja, nikamnyonyesha. Nikafagia. Nikawasagia kuku dawa yao, nikawalisha. Nikanywa vidonge vyangu vya mifupa, vitatu. Ndiyo mtoto akaanza kulia. Afande, mwanangu watamchukua kweli?"

Sajini hakuwa mtu wa kuahidi asichokijua.

"Nani hukuletea vidonge?"

"Shangazi. Yeye ndiye huvifuata kliniki, tangu nikiwa na mimba."

Shangazi alileta kopo na kadi iliyotiwa alama ya vema kila siku, mwaka mzima bila kuruka. Kisha akaandaa chai na yai la kuchemsha kwa ajili ya mgeni wake, huku mgonjwa wake kalala chini. Sajini aligonga yai kwenye ukingo wa meza. Halikupasuka. Akaligonga tena kwa nguvu.

"Kuku wako wana afya, mama."

"Hao ndio wanangu," shangazi alisema, na hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Binti alikuwa akilitazama yai. Sajini akauliza kama naye huwa anapata.

"Ya kuuza hayo," shangazi alijibu.

Sajini alilirudisha yai kwenye sahani, akachukua kopo na kadi.

Saa nne na nusu, daktari alimwonyesha picha ya mgongo. Pingili moja ilikuwa imebonyea, na nyingine ilikuwa na ufa wa zamani.

"Huu ni mgongo wa bibi wa miaka themanini," daktari alisema. "Binti mwenyewe bado anakua, anahitaji chokaa, yaani kalsiamu, kwa mifupa yake. Mtoto naye kaichota tumboni, sasa anaichota kwenye maziwa. Asipopata ya kutosha, mwili unabomoa mifupa kulipia. Viwiko vyake vyote viwili vimechubuka: alikuwa amemkumbatia mtoto wakati anaanguka. Anayetupa hachubuki hivyo. Ila sielewi. Kadi inasema amekunywa dawa kila siku."

Sajini alitoa kidonge kimoja kwenye kopo. Daktari akakikamulia ndimu ya chai yake. Kililoa, kikalainika, kikanyamaza.

"Cha kweli kingetoa povu," daktari alisema. "Hiki ni unga uliokandwa ukakaushwa."

Lawama ikahamia kliniki. Mgawa dawa alianza kutoka jasho kabla hajaulizwa lolote, na Sajini akadhani amempata mwizi wake. Lakini kopo jipya lilipofunguliwa mbele yake, kila kidonge kilikuwa na herufi K mgongoni, na kila kilichotiwa ndimu kilichemka.

"Dawa zangu ni safi, afande! Natoka jasho kwa sababu naogopa polisi, basi."

"Na mtu angevichukua tu huko nyumbani kwa mgonjwa, mngejua?"

"Tungejua. Kila mwezi muuguzi hupita majumbani, huhesabu vilivyobaki koponi."

Kwa hiyo mwizi asingeweza kuacha kopo tupu. Ilimbidi ajaze kitu.

Saa nane Sajini alirudi kwenye ile nyumba. Hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja bandani. Kwenye kinu cha kusagia dawa ya kuku palikuwa na vumbi jeupe. Alilitia ndimu, likatoa povu. Katika ufa wa kinu alichokoa kipande kilichoponyoka mchi. Kilikuwa na nusu ya K.

Saa kumi alimsimamisha shangazi kando ya kitanda cha binti wodini.

"Hiyo ni chokaa ya kuku," shangazi alisema kabla Sajini hajafungua mdomo. "Inauzwa kila mahali."

"Yenye herufi ya kliniki?"

Kipande kililala kiganjani mwa Sajini. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia hapo.

"Maganda ya mayai yalikuwa laini," shangazi alisema hatimaye. Hakuinamisha hata kichwa. "Bwana mifugo akaniambia kuku wanataka chokaa. Mimi nitoke nikanunue, na nyumbani ya bure imejaa? Kuku nikimlisha ananitagia. Huyu nimemlisha mwaka mzima, katuletea nini? Aibu. Ningempa mifupa ya chuma ili akatafute nyingine?"

"Na alipovunjika ukasema katupa mtoto."

"Mngemchunguza, mngefika kwenye kopo. Akienda mahabusu nani angemuuliza?"

Sajini alimfunga pingu. Hasira ilimpanda, akazibana kuliko inavyoruhusiwa.

Alipomkabidhi kwa askari mlangoni, alirudi kitandani. Sasa aliweza kuahidi.

"Mwanangu, hakuna kesi. Mtoto wako ameshonwa, analia njaa. Ni wako, hakuna wa kumchukua."

Binti hakufurahi. Alikuwa amelala chali, ameambiwa miezi mitatu asinyanyue kitu, hata mwanawe. Macho yalikuwa darini na midomo ikicheza, kana kwamba anahesabu.

"Afande, ile dawa ya kuku shangazi alikuwa akinipa imefungwa kwenye karatasi, imekatwakatwa. Akiniambia, saga vizuri, isibaki chenga, kuku watakabwa."

"Najua."

"Kila asubuhi," binti alisema. "Nilikuwa naisaga mimi."