Barua ya Kuninyima, na Neno "Bado"

Ting! Kijiko kiligonga kikombe...

Nikafumbua macho. Kulikuwa hakujapambazuka. Nikajua ni binti yangu, aliyekuja kulala kwangu, anakoroga chai polepole asituamshe mimi na baba yake.

Kisha nikamsikia kwenye simu, kwa sauti ya chini:

"Ndiyo, bosi... Ombi la mama nimelikataa mimi mwenyewe. Hapana, hajajua!"

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, nilitupa shuka pembeni!

Ngojeni niwaeleze. Mtaani zilienea tetesi kuwa zahanati yetu inafungwa. Mzee wangu ana kidonda mguuni, husafishwa palepale. Hospitali kubwa iko mbali, naye hata barabarani hafiki. Binti yangu anafanya kazi wizara ya afya, lakini kila nikimuuliza, anabadilisha mazungumzo.

Basi nikaiandikia wizara ombi rasmi: nipeni taarifa, zahanati inafungwa au haifungwi? Sheria inaniruhusu.

Jana yake jibu likaja. Nimenyimwa!

Kumbe mkono ulioninyima niliulea mwenyewe...

Nikatoka chumbani.

"Kumbe ni wewe!"

"Mama..."

"Nimekunyonyesha ili unifungie mlango?"

"Mama, nilikula kiapo. Siwezi kukupa siri za ofisi kwa sababu umenizaa."

"Na mguu wa baba yako ni siri ya ofisi?"

Machozi yakamtoka. Akasema tu, "Isome vizuri ile barua, Mama." Akaondoka. Chai yangu aliiacha mezani, ameifunika kwa kisahani isipoe.

Sikuigusa! Nikazunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Mke wangu, hebu kaa," mzee akalalamika. "Mguu mbovu ninao tayari, usiniongezee kizunguzungu!"

Kulipokucha tukaenda zahanati. Muuguzi wetu, yule anayesugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa mzee, akaisoma barua. Ghafla akacheka!

"Bibi, hili neno umeliona?"

"Lipi tena?"

"'Bado'! Wamekunyima kwa sababu sera *bado* inaandaliwa. Wangekuwa wameshaamua, wasingeweza kuandika hivi."

"Kwa hiyo...?"

"Kwa hiyo hawajaamua, Bibi! Tuna nafasi ya kusema!"

Weee! Mtaa mzima ukainuka. Wenye magongo, wenye watoto mgongoni, wote tukaenda wizarani. Tukasikilizwa. Uamuzi ulipotoka, zahanati ikabaki, na safari hii maelezo yote yakabandikwa mlangoni, kila mtu asome.

Binti yangu hakunivujishia kitu. Aliandika ukweli mtupu, mimi nikasoma hasira zangu.

Wajukuu zangu, aliyekunyima jibu huenda hajakunyima njia. Someni mpaka mwisho kabla hamjamkana mtu.

Jioni ile nikampigia simu.

"Mama... bado umenikasirikia?"

"Hilo 'bado' lako limetuponya, mwanangu. Siri zako kaa nazo, sitauliza tena."

Nikamsikia anavuta kamasi.

"Ila njoo tena. Na chai ukoroge kwa nguvu, nisikie kwamba umefika."