Mdomo Hauna Herufi Kubwa

Saa kumi kamili alasiri, redio ya kituo cha bwawa ilikohoa. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusoma herufi, moja moja, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"K. V. D. E. C. I..."

Watu wanne chumbani waligeukia redio. Mwenye sauti alikuwa chumba cha pili, maiti, shuka limemfika kidevuni, nywele zingali zinadondosha maji. Mchana ule alikutwa akielea penye lango la bwawa.

"...B. U. G. F. G. U. Mbili. Tupu. Tupu. Tupu."

Mlinzi alikuwa keshafika mlangoni. "Afande, niliajiriwa kulinda walio hai. Maiti anayeingia zamu simo!"

"Rudi hapa," alisema Inspekta, mama mwembamba asiyepaza sauti. "Juzi uligombana naye. Na viatu vyako vimelowa."

"Tuligombana kwa ajili ya mbwa wangu! Na viatu, mimi ndiye niliyemtoa majini. Ulitaka nimtoe kwa simu?"

Mdogo wa marehemu hakucheka. Ndiye mpokeaji kwenye ofisi ya mjini; miaka mingi dada alisoma, yeye akaandika. Hata sasa kalamu ilikuwa imejaza herufi zote kiganjani mwake, bila yeye kuituma.

"Ni mashine," alisema. "Dada akiwa na mafua hurekodi alfajiri, mashine inairusha yenyewe saa kumi."

"Basi izimeni," alisema meneja wa bwawa, akijifuta shingo. Alisema amepanda mlimani baada ya kuitwa tu. "Masikini dada wa watu! Huku juu mtu hukaa peke yake mpaka hata mwangwi wake unamchoka. Afande, ujumbe wa kuaga si huo kwenye kompyuta yake? Funga jalada tumzike."

Inspekta aliutazama ujumbe huo. Ulikuwa umeandikwa kwa mafumbo ya kazi yao, na hakuna aliyekuwa ameufumbua bado: SGF0YSBtd2FuZ3dp... mpaka mwisho wa mstari.

"Mama," mdogo mtu alinong'ona, "nikienda kumwambia mama yetu kwamba dada kajiua, nitazika wawili. Nipe dakika chache."

"Nieleze kwanza. Mimi ni askari, herufi zangu ni za shule."

"Vipimo vya bwawa ndani ya mashine ni sifuri na moja tupu. Huwezi kuzisoma redioni, ulimi utavimba. Tunazikata tano tano, kila tano inapata alama yake katika alama thelathini na mbili: A mpaka Z, na mbili mpaka saba. Katika alama hizo sifuri na moja tuliziacha, zisigongane na O na I."

Inspekta aliinamia kioo cha kompyuta. "Hapa naiona sifuri."

"Na herufi ndogo. Hii imekatwa sita sita. Alama zake ni sitini na nne, ndiyo maana inahitaji herufi kubwa na ndogo. Ni ya kutumiana mafaili ofisini. Mama, dada alifanya kazi kwa kusoma. Mdomo hauna herufi kubwa! Hii hakuiandika yeye."

Upepo uligonga dirisha. Kule chumba cha pili tone likaanguka, to!

"Ifumbue."

Kijana aligonga vitufe. Maneno yakatoka: *Hata mwangwi wangu umenichoka.*

Mlinzi ndiye aliyegeuka kwanza. Kisha Inspekta, polepole. Meneja alibaki peke yake katikati ya chumba.

"Bwana meneja, maneno haya yamezaliwa sasa hivi. Wewe ulikutana nayo wapi?"

"Ni... ni msemo tu."

"Msemo wa nani? Kijana, soma cha kiganjani."

"Ufa, milimita arobaini na moja." Alimkazia meneja macho. "Taarifa uliyoipeleka wizarani inasema nne."

Mlinzi alikuwa keshatoka na rula. Alirudi anahema. "Arobaini na moja, afande. Mkono wangu unaingia."

Meneja aliketi kama gunia lililokatwa kamba. "Ukuta niliujenga mimi. Nilimsihi asubiri nizibe kimyakimya. Alfajiri akasema atakisoma kipimo redioni, kila kituo kisikie. Nilimsukuma mara moja tu. Nikakaa pale kwenye kiti chake nikaandika kwa mafumbo, yaonekane ni yake." Alitazama redio. "Sikujua alikuwa keshasoma."

Pingu zililia. Redioni, vituo vya bondeni vilianza kuitikia kimoja kimoja: tumepokea, tunahamisha watu.

"Na zile tupu tatu?" Inspekta aliuliza mlangoni pa chumba cha pili.

Mdogo mtu alikuwa ameshika ukingo wa shuka. "Ni za kujaza nafasi mwishoni, ujumbe ukiwa mfupi kuliko mahali pake. Ukizisikia, unajua hakuna kilichopotea njiani."

Akamfunika dada yake uso.