Umeme Uliohamia kwa Kinyozi

Mita ya umeme ya nyumba yao mpya ilikuwa imefungwa nyuma, juu kabisa, kana kwamba fundi aliyeifunga alikuwa na ugomvi na watu wafupi. Kila asubuhi Chapchap aligeuza ndoo, akapanda juu yake na kusoma yuniti zilizobaki. Mdogo wake wa miaka saba, aliyebandikwa jina la Inspekta kwa wingi wa maswali, alirudia kwa sauti. Hiyo ndiyo sheria ya Mama: mmoja asome, mwingine arudie.

"Mbili nukta moja!" alisoma Chapchap Jumamosi hiyo.

"Mbili nukta moja," alirudia Inspekta. "Ni nyingi?"

"Ni chache. Shuka twende."

"Mimi sijapanda."

Chapchap hakupewa jina hilo bure. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu aliyepiga mswaki huku anavaa viatu, na viatu vyenyewe mara nyingine havikufanana. Basi Mama alipokubali kuweka kwenye simu yake programu ya akili mnemba ya kulipa bili za maji, taka na umeme, hakuna aliyefurahi kama yeye. Waliiita Msaidizi. Mama alitoa sharti moja tu.

"Namba ya mita isomwe kwenye mita yenyewe. Tumehamia hapa juzijuzi, sitaki mchezo."

Mama alikuwa na sababu ya kutotaka mchezo. Sebuleni ilikaa mashine yake ya kutotolesha vifaranga, na ndani yake mayai mia na ishirini yaliyofika siku ya ishirini. Kesho yake yangeanguliwa. Umeme ukikatika yangepoa, na yakipoa, kwisha habari yake.

Sasa, namba ya mita ina tarakimu kumi na moja, na Chapchap alikuwa ameshashuka kwenye ndoo. Apande tena? Alifungua daftari la nyumbani, akaona risiti ya umeme ya zamani, akaipiga picha na kumtumia Msaidizi.

"Risiti hii ni ya miezi mitatu iliyopita," Msaidizi aliandika. "Umehakiki namba kwenye mita?"

"Ndiyo," alijibu Chapchap. Uongo wa herufi tano.

"Asante. Nimelipa. Yuniti zitaingia zenyewe."

Mama, aliyekuwa uani akisugua banda la vifaranga, aliuliza, "Umeshalipa?"

"Tayari, Mama!"

Chapchap alirudi kwenye ndoo. Moja nukta nane. Labda mtandao. Alizunguka nyumba, akarudi. Moja nukta saba. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Inspekta aliichukua ile risiti na kuigeuzageuza.

"Dada, doa hili la chai si nililitia mimi, kule nyumba ya zamani?"

Moyo wa Chapchap ulishuka hadi kwenye ndala. Umeme wa mwezi mzima alikuwa ameupeleka kwenye nyumba waliyohama, na katika simu haikubaki hata senti.

Alizima redio. Akazima taa ya bafuni. Akachomoa friji.

"Mbona friji imenyamaza?"

"Inapumzika."

"Imechoshwa na nini?"

"Na maswali yako!"

Hadi saa sita mchana alikuwa amepanda ndoo ile mara kumi na mbili. Nukta sita. Aliporudi ndani alimkuta Mama ameinama, sikio kwenye mashine, uso umemng'aa.

"Njoo usikilize," Mama alinong'ona. "Wameanza kugonga."

Chapchap alisikiliza. Tok. Kimya. Tok, tok. Kuna kitu kidogo kule ndani kilikuwa kinaomba kutoka. Machozi yakamtoka yeye kwanza.

"Mama, nimedanganya."

Alieleza yote: ndoo, risiti, ile "ndiyo". Mama aliinua sikio kutoka kwenye mashine.

"Zimebaki ngapi?"

"Nukta sita."

"Hizo zitatufikisha muda wa saa tatu tu. Vaa viatu. Vinavyofanana."

Njiani Mama alipiga simu kampuni ya umeme, akaambiwa marekebisho ni hadi Jumatatu. Nyumba ya zamani ilikuwa mlango wa sita kutoka kwao, na sasa ilikaliwa na kinyozi aliyenyolea watu humohumo sebuleni. Walimkuta mlangoni, anacheka peke yake.

"Dada, asubuhi nilikuwa na yuniti nne, sasa nina themanini! Nimepata mfadhili!"

"Mfadhili wako ni huyu hapa," Mama alisema, akimwonyesha Chapchap.

Kinyozi aliposikia habari yote, alijikuna kichwa. "Hela ya kuwarudishia leo sina, Dada. Nimenyoa vichwa viwili tu, na kimoja ni changu. Ila umeme ninao. Leteni mayai."

Basi mashine ilihama. Mama alishika upande huu, kinyozi upande ule. Chapchap alishikilia blanketi lililoifunika, akitembea polepole kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mbele Inspekta alifungua njia: "Pisheni! Watoto mia na ishirini wanahama!"

Jumapili jioni vifaranga mia moja na wanne walikuwa wakilia sebuleni kwa kinyozi, na wateja wake wamesahau kunyolewa. Kinyozi aliahidi kulipa umeme uliobaki kidogokidogo, kila atakaponyoa.

Mama aliweka kifaranga mmoja kiganjani mwa Chapchap. "Msaidizi hakukosea, mwanangu. Alikuuliza swali la maana, wewe ukampa jibu la uongo. Ukimpa mwenzio kazi, awe mtu au mashine, mpe ukweli, kisha kaangalie kama kazi imefika. Na ukiharibu, sema mapema. Ungesema asubuhi, nisingekimbia na mayai mchana."

Mwezi uliofuata Msaidizi aliuliza tena, "Umehakiki namba kwenye mita?"

"Ngoja kidogo," aliandika Chapchap, akaenda kutafuta ndoo.