Nyati Ambaye Hakutokea

Siku ya mnada Karatu hakuna mahali pa kusimama, lakini Sinyati alipapata: mbele kabisa ya kamera ya Remigius. Alivaa sketi ya jinzi na raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi, na begani ametupia shuka ya rangi ya damu ya mzee.

"Dada, naomba usogee. Narekodi filamu."

"Ya nini?"

"Ya maisha."

Sinyati alicheka. "Maisha siwezi kuyaandika kwenye ubao, kaka. Watu wataniuliza ni ya mapigano, ya mapenzi au ya kutisha. Nikisema ya maisha, watanijibu hayo tunayo nyumbani."

Hapo Remigius akamtambua. Huyu ndiye msichana wa lile banda la video karibu na stendi, mali ya shangazi yake, ambaye kila Jumamosi mchana aliandika kwa chaki aina ya filamu ya siku hiyo. Mstari mmoja tu, na watu ama walijaa ama walipita. Kwake aina ya filamu ilikuwa ahadi: mtu ukimwahidi kicheko ukampa msiba, harudi tena. Remigius, mpiga picha za harusi kutoka Endamarariek, kijana wa kichwa juu, alimwambia kwamba msanii wa kweli hamwahidi mtu kitu. Walibishana mpaka mbuzi wa mwisho akapata mnunuzi, na walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Ikafuata miezi sita ya simu.

"Unafanya nini?" Remigius aliuliza siku moja, akiwa harusini Oldeani.

"Naona wivu. Mwezi huu umepiga picha za mabibi harusi wangapi?"

"Wanne."

"Na wa kwako?"

"Wa kwangu namtengenezea filamu, mpenzi."

Hakuwa anatania. Aliirekodi kwenye ukingo wa msitu wa Ngorongoro, juu ya Oldeani. Rafiki yake Valeriani aliigiza kijana anayemngoja mpenzi wake asubuhi, katika ukungu mzito na majani yanayofika kifuani. Mwishoni majani yalitikisika, akatokea Felista, binamu yake Remigius, amejifunika shuka ya damu ya mzee. Kijana akafungua mikono, akasema:

*Ukungu ukinikaba, jina lako nitaita,*
*Na njia ikijiziba, kuja kwako sitasita.*

Ilikuwa posa. Remigius alimpa Sinyati flashi siku ya Alhamisi, kama kila mwenye filamu alivyofanya, ili aitazame kwanza ajue la kuandika. Jumamosi alifika bandani na shati jeupe lililonyooshwa, akauangalia ubao.

LEO: YA KUTISHA.

"Nimekufungulia moyo wangu," alisema, "wewe ukaona jini?"

"Remi, ingia ukae. Itazame pamoja na watu."

"Aina yangu nimeshaisoma hapo."

Akaondoka. Simu ilimwita mara kumi na moja jioni ile, akaiangalia tu ikiwaka mezani. Zikapita Jumamosi tatu.

Aliyemrudisha alikuwa mama mmoja wa Endamarariek, Mama Germana, aliyemkuta Remigius kwenye harusi ya mwanawe. Alimshika mkono wenye kamera, akamwambia kwamba filamu yake ameiona bandani na kwamba yeye hana huruma hata kidogo. Kumweka binti wa watu kwenye majani kama yale, kwenye ukungu kama ule, na kila mtu anajua ndipo nyati anapolala! Mama Germana mwenyewe alimbana jirani yake mkono mpaka mwenzake akalia. Na yule binti alipotoka salama, aliangua kilio kama kwamba ni wa kumzaa mwenyewe. Jumamosi angekwenda tena, maana watu walikuwa bado wanaidai na banda linairudia.

Remigius alishusha kamera. Majani yale aliyapiga picha siku nne nzima, na muda wote huo aliona uzuri tu.

Jumamosi aliingia filamu ikiwa imeanza. Alisimama mlangoni, akawatazama watu badala ya skrini. Ukungu ulipoingia, mabenchi yakanyamaza. Mkulima mmoja wa Baray alivua kofia. "Toka hapo, kijana," sauti ikasema taratibu. Majani yakatikisika, na mstari mzima wa mbele ukainama. Kisha ikaonekana shuka, ukafuata uso wa Felista. Banda zima lilishusha pumzi, watu wakapiga makofi, na mashairi yaliposemwa hakuna aliyecheka. Waliokuja kutishwa walikuwa wanafuta macho.

Alimkuta Sinyati nje, vidole vimejaa chaki.

"Kumbe ulijua," alisema Remigius.

"Ningeandika mapenzi, wangekuja vijana wawili wawili kuyacheka mashairi yako. Mtu aliyeogopa hamcheki anayefika salama. Nimezaliwa Nainokanoka, ng'ambo ya msitu ule, Remi. Shule nilikwenda kwa kupita kwenye majani ya namna ile. Nilipoitazama peke yangu niliogopa mpaka mwisho, nilipoiona shuka yangu ndipo nikajua unanipenda. Halafu ukaniposa mbele ya banda zima, na mwenyewe hukukaa kusikia jibu. Kijana wako anasema hatasita. Wewe umesita simu kumi na moja."

"Nimekosea."

Neno hilo hakulizoea. Akalirudia, ili limtoke sawasawa.

"Haya," Sinyati akasema, "niulize bila filamu."

"Utakubali nikuoe?"

Alijifuta chaki kwenye sketi, bila haraka. "Mimi nilikubali tangu Alhamisi ile. Aliyebaki ni baba, na baba yuko ng'ambo ya yale majani. Basi linaondoka asubuhi."

"Kesho nitakuwa ndani yake."

"Uje bila kamera. Na ukungu ukishuka, mpenzi wangu, usithubutu kuteremka njiani kutafuta picha nzuri."